Fren ya Gidon ya Papa Florent

Mama uliye jikoni, punguza kidogo makaa chini ya sufuria. Na wewe uliye barabarani, redio ndogo umeifunga kwenye gidon, usukani wa pikipiki yako, egesha pembeni kwanza. Jioni hii tunakaa pamoja kumkumbuka muntu wetu.

Wasikilizaji wapendwa, Papa Florent Kalumbi ametutoka. Papa Florent wa Kisebwe, hapa Kalemie. Mume wa Mama Émérence. Baba yake Laure. Na mwenye ile pikipiki nyeusi ya zamani ambayo nusu ya mji iliijua kwa sauti kabla ya kuiona. Ilikuwa hailii kama pikipiki za leo. Ilikuwa inakohoa taratibu, kama mzee anayepanda ngazi za kanisa bila haraka, kwa sababu anajua misa haitaanza bila yeye.

Tumemzika Jumamosi iliyopita. Nitawaambia mwishoni kilichotokea njiani siku ile, kwa sababu ndicho kilichonifanya niombe kusoma kumbukumbu hii mimi mwenyewe.

Papa Florent alizaliwa Kabalo, karibu na reli. Akiwa kijana alipanda treni akaja huku ziwani, akapata kazi ya udereva kwenye misheni. Padri mmoja mzee alikuwa na pikipiki iliyotoka Ulaya zamani sana. Padri aliporudi kwao, alimwachia Florent pikipiki. Watu walidhani itakufa mwaka uleule. Haikufa. Kama vyuma vya kubadilisha havikupatikana Kalemie, Papa Florent alivisubiri kutoka Kigoma. Kama Kigoma havikuwepo, alivichonga.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa ninyi ambao hamjawahi kuendesha. Juu ya gidon ya pikipiki ile, katikati kabisa, kulikuwa na kifungo cheusi cha mviringo, kikubwa kama kizibo cha termosi. Watu wa garaji wanakiita fren ya gidon, yaani breki ya usukani. Ukikikaza, gidon inakuwa nzito, haichezi ovyo. Ukikilegeza, gidon inakuwa nyepesi. Narudia: kukaza ni gidon nzito, kulegeza ni gidon nyepesi. Pikipiki nyingi tunazopanda leo mjini hazina kifungo hicho. Ndiyo maana vijana wa parkingi, pale pikipiki zinaposubiri abiria, walipomwona Papa Florent anakigusa walimcheka. Walikuwa wanamuuliza, "Papa, hii ni pikipiki ao ni redio? Unatafuta stesheni gani?"

Yeye aliwajibu kwamba anatafuta stesheni ambayo vijana hawapigi kelele.

Je, pikipiki ya zamani inahitaji fren ya gidon ao haihitaji? Kwa watu wengi hilo si swali. Kwa Papa Florent na rafiki yake Papa Souleymane, lilikuwa swali la maisha yote. Papa Souleymane ni fundi. Garaji yake iko nyuma ya soko, na babu zake walivuka ziwa hili na biashara zao kutoka ng'ambo. Kila Ijumaa, Papa Souleymane akitoka msikitini, wawili hao walikunywa chai na kubishana.

Papa Souleymane alisema waliotengeneza pikipiki ile hawakuwa wajinga. Waliweka kifungo kwa sababu. Barabara zetu ni za mawe na mashimo, mizigo yetu ni mikubwa, basi kaza, utembee salama. Papa Florent alisema hapana. Pikipiki yenye afya inatembea yenyewe imenyooka. Gidon ikianza kutetemeka, kuna kitu. Labda bilia za shingo, zile goroli zinazogeuza gidon, zimekwisha. Labda mpira wa mbele hauna upepo wa kutosha. Labda mzigo umekaa vibaya. Tafuta hicho kitu.

Papa Souleymane alinisimulia haya kwenye matanga, sahani ya ugali wetu wa bukari na samaki wa mikebuka mkononi, bado anabishana na marehemu. Alisema alimwambia hivi: "Florent, ukiwa na homa unameza dawa ya homa. Hausemi ngoja kwanza nitafute ule mbu aliyeniuma."

Mama Émérence anakumbuka siku moja kwenye barabara ya Kabimba. Wakati ule yeye alikuwa anauza vitenge kule, kwa wake za watu wa kiwanda cha simenti. Siku ya soko, Papa Florent alikaa mbele, yeye nyuma, na furushi la vitenge nyuma yake, refu kumpita kichwa. Wakaanza kushuka mteremko. Gidon ikaanza. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, kwa nguvu, kama inataka kumtoka mikononi. Mama Émérence alifumba macho akaanza Salamu Maria. Papa Florent hakushika fren ya ghafla, hakupigana na gidon. Alipunguza mwendo taratibu mpaka wakasimama.

Mama Émérence alimwambia akaze kile kifungo, waende, soko linafungwa.

Papa Florent alikataa. Alifungua furushi, akalisogeza mbele, akaligawa pande mbili. Alishika gurudumu la mbele akalitikisa, akasikia bilia zinagonga. Wakatembea polepole sana mpaka Kabimba, wakakuta soko limekwisha. Na maneno aliyomwambia mke wake pale kwenye mteremko, Mama Émérence anayajua kwa moyo.

"Mama Laure, hii gidon haina wazimu. Iko inatuambia kitu. Nikiikaza itanyamaza, lakini kile kitu kitabaki."

Yawekeni maneno hayo karibu, wasikilizaji wapendwa. Tutayahitaji.

Miaka ikapita. Laure akakua, akamaliza shule, akawa mwalimu. Papa Florent akawa mzee, lakini siku za Kabimba alibaki yeye mbele, Mama Émérence nyuma. Halafu mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Si wakati wa kazi. Wakati umepumzika juu ya goti, ndipo ulikuwa unacheza wenyewe. Kikombe cha chai kikawa kinalia juu ya kisahani. Papa Florent akaacha kutumia kisahani. Papa Souleymane akaona, akadhani ni uzee, akawa anammiminia chai nusu bila kusema kitu.

Mke wake hakuuliza. Aliogopa. Aliniambia wazi: kumwambia mwanaume yule aachilie gidon ilikuwa kama kumwambia aachilie jina lake. Na mji mzima ungeona.

Mama Émérence alikuwa na kazi yake kwenye pikipiki ile. Asubuhi ya safari aliipangusa kwa kitambaa chenye maji. Alikuwa anajua kila chuma kwa mkono. Kile kifungo cheusi kilikuwa kimelegea siku zote, kinazunguka chenyewe chini ya kitambaa. Asubuhi moja hakikuzunguka. Kilikuwa kimekazwa kidogo. Safari iliyofuata kilikuwa kimekazwa zaidi. Na nyingine, zaidi tena.

Akafikiri pikipiki inaumwa. Akaenda garaji kwa Papa Souleymane. Papa Souleymane alishangaa. Alikuwa ameweka bilia mpya si zamani, mipira ilikuwa mizuri, gurudumu lilikuwa limenyooka. Akamwambia, "Mama Émérence, ile pikipiki ni mzima kuliko sisi wote watatu."

Alirudi nyumbani na jibu hilo, akanyamaza nalo. Na kesho yake akapanda nyuma kama kawaida.

Wanaoendesha mnajua tayari nini kilifuata. Gidon iliyokazwa inaficha mkono unaotetemeka, ndiyo. Lakini kwenye mchanga, pale unapotembea polepole na gidon inatakiwa icheze kidogo kukutafutia usawa, inakataa. Njia ya Kabimba ina mahali pa kuvuka kijito, mchanga mtupu. Wakafika pale. Kulikuwa na mama anafua nguo ukingoni, mtoto mgongoni. Pikipiki ikayumba. Papa Florent akataka kugeuza gidon, gidon ikawa nzito. Wakaenda moja kwa moja kuelekea kwa yule mama, halafu wakaanguka ubavu, wakamkosa kwa hatua chache. Vitenge majini. Mtoto akaamka, akalia.

Hakuna aliyeumia. Nasema tena, hakuna aliyeumia. Lakini mimi ninayewasomea nina mtoto wa kubeba mgongoni, na niliposimuliwa haya niliacha kalamu nikaenda kumbeba.

Mama Émérence alisimama ndani ya maji, sketi imelowa. Hakupaza sauti.

"Papa Laure, pikipiki ni mzima. Souleymane aliniambia. Sasa ni nani anatetemeka?"

Papa Florent alikuwa amekaa mchangani. Aliinua mkono wake wa kulia, akauacha, wote wauone. Yule mama mwenye mtoto pia aliuona.

"Ni mie," alisema. "Sikutaka kuiuliza hii mikono. Nilijua itanijibu."

Wasikilizaji wapendwa, muntu aliyekataa kukaza gidon maisha yake yote alikuwa ameikaza kwa siri. Siwaambii hili kumwaibisha. Mama Émérence mwenyewe aliniomba nilisome, na alisema Papa Florent angetaka lisomwe. Kwa sababu baada ya siku ile alifanya kitu kigumu kuliko kuendesha. Alikwenda hospitali. Waganga walimwambia ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, walimpa dawa, zikamsaidia kwa kiasi. Halafu akamwita binti yake Laure, akamkabidhi funguo.

Alimfundisha jioni, akitoka shuleni, kwenye uwanja wa mpira. Kwanza kusukuma, halafu kusimama, halafu kuanguka bila kuumia. Jambo la mwisho lilikuwa kile kifungo. Alimwambia akiache kimelegea, na siku akitamani kukikaza, asimame kwanza.

Siku ya kwanza walipopita parkingi, Laure mbele na mzee nyuma, vijana hawakuacha kumtania. Mmoja alisema, "Papa Florent, leo unabebwa kama bibi harusi!"

Papa Florent alijibu kwa utulivu, "Bibi harusi njo anabebwa vizuri. Weye nani anakubeba?"

Parkingi nzima ilimcheka yule kijana mpaka pikipiki ikapotea kwenye kona.

Na hivyo ndivyo mji ulivyomwona miaka yake ya mwisho. Laure mbele. Papa Florent nyuma, mikono yake ndani ya mifuko ya koti la binti yake. Laure anasema mle ndani ilikuwa inatetemeka kama ndege wawili, na yeye alijifunza kuendesha huku anaisikia. Mara kwa mara baba yake alimwambia sikioni, mpira wa mbele hauna upepo. Na kweli, ulikuwa hauna. Alikuwa anaijua pikipiki yake kwa kukaa tu juu ya kiti.

Mwezi jana homa ya mapafu ilimkuta amedhoofika. Haikumchukua muda.

Sasa niwaambie kuhusu Jumamosi. Mnajua desturi ya watu wa pikipiki hapa kwetu. Mwenzao akifa, pikipiki yake inatangulia mbele ya jeneza, na zingine zinafuata. Laure alisema ataendesha yeye. Shangazi zake walisema mjane anakaa kwenye gari, karibu na jeneza. Mama Émérence aliwasikiliza mpaka wakamaliza, akasema, "Nyuma ya ile pikipiki njo kiti changu," akapanda na kitambaa chake cha msiba kichwani.

Wakatoka Kisebwe polepole, mwendo wa muntu anayetembea. Laure mbele, mama yake nyuma, gari lenye jeneza linafuata, kisha parkingi nzima. Walipokaribia kona ya makaburi, gidon ikaanza kutetemeka. Kushoto, kulia. Kwa mwendo ule mdogo. Papa Souleymane, aliyekuwa anatembea kando kwa miguu na kanzu yake nyeupe, aliona mkono wa Laure unaachia gidon na kwenda juu ya kifungo cheusi.

Mama Émérence aliona pia. Alipitisha mkono wake mbele, akaufunika ule mkono.

"Usikaze, mwanangu. Simama kwanza."

Laure akasimama. Gari lenye jeneza likasimama. Zile pikipiki zote, moja baada ya nyingine, zikazimwa, mpaka barabara nzima ikawa kimya. Laure hakuwa amelia tangu baba yake afariki. Alikuwa amepika, amepokea wageni, ametafuta viti. Pale barabarani aliinamisha kichwa juu ya gidon ya baba yake akalia, mama yake amemshika kiuno kwa nyuma, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Papa Souleymane alichuchumaa mbele ya pikipiki. Mkono wa fundi hauachi kazi hata msibani. Alishika gurudumu la mbele, akalitikisa, akasikiliza. Halafu akainuka, akampangusa Laure machozi kwa ncha ya kanzu yake.

"Pikipiki ni mzima, mwanangu," alimwambia. "Ulikuwa ni weye. Sasa twende tumpeleke."

Laure akawasha. Gidon ikanyooka mpaka kaburini, na kile kifungo kimelegea.

Nilimuuliza Papa Souleymane, baada ya yote haya, pikipiki ya zamani inahitaji fren ya gidon ao haihitaji. Alisema inahitaji siku moja moja, barabara ikiwa mbaya, na uikaze kidogo tu, ukijua kwa nini. Halafu akasema nisiwaambie watu wa parkingi, lakini Florent alikuwa amemshinda. Nimewaambia. Papa Souleymane, nisamehe.

Mama Émérence, Laure, Papa Souleymane, na ndugu wote wa Kabalo: sisi hapa redioni tunawapa pole kutoka moyoni. Mungu ampokee Papa Florent, na mikono yake ipumzike.

Na wewe unayenisikia, usizime redio bado. Kaa kidogo na mikono yako juu ya magoti. Kama kuna kitu nyumbani kwako kinatetemeka, mtoto aliyekuwa anasema sasa hasemi, mume anayekunywa chai nusu kikombe, kifua chako mwenyewe unapopanda kilima, jioni hii usikikaze. Kiulize. Huenda jibu likauma. Lakini Papa Florent aliuliza akiwa amechelewa, amekaa mchangani, nguo zimelowa, na bado alipata miaka mizuri nyuma ya binti yake, mikono ndani ya koti, anaangalia ziwa, kitu ambacho dereva hapati nafasi ya kufanya.