Fundi Aliyeketi Dawati la Dirishani

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, fundi umeme wa shule yetu anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Alikuja akiitwa Dada Zima, akawa Mama Zima, na wanafunzi wa leo wanamwita Bibi Zima. Jina lilitokana na tabia yake: aliajiriwa atuwashie taa, lakini jua likishapanda alipita darasa kwa darasa akizizima. Siku moja alizima hata za chumba cha walimu, kikao kikiendelea. Mwenyekiti aliitazama karatasi yake, kisha akaendelea kusoma bila shida yoyote.

Wengi wetu tumezoea kumwona juu ya ngazi, bisibisi mkononi, maneno machache. Kazi iliyomjengea heshima, hata hivyo, aliianza akiwa ameketi.

Ulikuwa mwaka wake wa saba hapa. Darasa la Tatu B, chumba cha mwisho karibu na ghala, lilikuwa limeshika mkia miaka minne mfululizo. Mwandishi wa maneno haya ndiye aliyekuwa mwalimu wa darasa hilo, na alikwisha kupeleka kwa mwalimu mkuu majina ya watoto sita wa kurudia mwaka. Aliwaona wazembe, mabingwa wa kupiga miayo. Mama Zima aliitwa kubadilisha taa moja iliyoungua. Alipomaliza hakukunja ngazi. Alijibana kwenye dawati la dirishani, akautazama ubao kwa muda mrefu.

"Mwalimu," alisema, "huu ubao wewe unausoma ukiwa umesimama. Hebu njoo ukae wanapokaa wao."

Mwalimu alikaa, uso umemvimba. Kutoka pale, jua la asubuhi lilikuwa limeupiga ubao ukang'aa kama bati jipya. Nusu ya maneno haikuonekana. Wakahamia safu ya ukutani. Huko kulikuwa na kiza, na taa ya juu ilipepesa na kuvuma kama nyuki. Dakika kumi zilitosha kuumiza kichwa, na watoto walikuwa wakishinda hapo kutwa nzima. Mwalimu alitoka amenywea.

Mwalimu mkuu wa wakati huo alimkumbusha fundi kwamba kazi yake ni nyaya, ufundishaji una wenyewe. Alijibu kwa upole kwamba haombi chaki, anaomba wiki tatu, na majina yale sita yasubiri. Akapewa, shingo upande.

Aliuhamishia ubao ukuta mwingine, madawati yakageuzwa ili mwanga wa dirisha uwajie watoto kutoka ubavuni. Kabati lililoziba dirisha la pili liliondolewa. Taa zilizopepesa alizing'oa, akafunga mpya, kila safu na swichi yake, ili upande wa ukutani uwashwe huku wa dirishani ukitumia jua la bure. Hakupatia yote mara ya kwanza. Rangi aliyochagua ilikuwa ya kung'aa, kuta zikamulika macho kuliko ubao wa zamani. Alicheka, akarudia kuzipaka mwenyewe siku za likizo.

Mtihani wa mwisho wa mwaka ulipofika, wanne kati ya wale sita walivuka bila kusukumwa. Wa tano alishindwa kusoma hata mwanga ulipokaa sawa. Ndipo tukagundua shida ni macho yake, akapelekwa kwa daktari na kupewa miwani. Wa sita alirudia mwaka, na Mama Zima alikiri wazi kwamba huyo taa hazihusiki.

Leo vyumba vyote kumi na vinne vimepangwa kwa mtindo wake, na mwalimu mgeni haanzi kazi hapa kabla ya kuketi kila kona ya darasa lake. Mumewe, fundi cherehani, ametutumia salamu za malalamiko: anahofia mkewe akishinda nyumbani, tundu la sindano halitaonekana tena.

Ndugu yetu, umetufundisha kwamba kabla ya kumlaumu mtoto, ukakae alipokaa. Mwandishi huyu anakushukuru kwa niaba ya watoto sita ambao hakuwahi kuwaomba radhi. Kapumzike kwa afya na amani, wajukuu wakuchokoze, na kila asubuhi ikukute na jambo la kukufurahisha.