Fundi Siki na Maji Magumu

Ndugu zetu, majirani, wafanyakazi wenza wa marehemu, na nyote mliosimama juani kwa sababu viti havikutosha, familia imenipa kazi ya kuwasomea safari ya baba yetu hapa duniani, na imeniomba nisirefushe wala nisipambe, la kwanza nitajitahidi, la pili halitanisumbua.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa mwashi na mpishi wa shule, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo maji yake yaliletwa kwa ndoo kutoka bomba la mtaa, na jina alilopewa siku ile wengi wenu hamlijui, maana kwa zaidi ya miaka thelathini mmemwita Fundi Siki, kwa sababu ya ile harufu iliyomtangulia mlangoni na kubaki sebuleni baada ya yeye kuaga, naye hakuwahi kulikasirikia, alisema kuna watu wanaonuka mabaya zaidi na hawana ufundi wowote.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, kisha akajiunga na chuo cha ufundi mwaka 1968, akahitimu mwishoni mwa mwaka 1970 akiwa na cheti cha ufundi bomba, na maoni ya mwalimu wake kwamba kijana ana mikono myepesi na masikio mazito, maana yake anajua kazi lakini haambiliki, na sisi tulioishi naye hatuna cha kuongeza hapo.

Mwezi Januari 1971 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo, chumba cha boila, ule mtambo wa kuchemshia maji, na huko ndiko alikokutana na adui yake, yaani maji magumu, haya haya tunayoyatumia sote, yanayopita chini kwa chini kwenye mawe ya chokaa, yakatoka safi machoni na matamu mdomoni, lakini ukiyachemsha au ukiyaacha yakauke yanabakiza ukoko mweupe, mgumu kama jiwe, unaonenepa kila siku bila kelele. Kila mwaka kiwanda kilisimama, boila likapoozwa, likamiminiwa asidi, na baba akaweka sikio lake kwenye chuma kusikiliza ule mchemko wa asidi ikila chokaa, ukinyamaza ujue kazi imekwisha, na alikuwa akitusimulia sauti hiyo kama watu wengine wanavyosimulia muziki.

Tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa na mama yetu, mshonaji, ambaye tangu utoto alikuwa amebeba maji kichwani kiasi kwamba utosini nywele zake hazikuota vizuri, na hadi leo huo utosi anaufunika kwa kitambaa. Alipokwenda kuposa, baba hakutaja kiwanda, wala cheti, wala ukoo, alisema neno moja tu, kwamba nyumbani kwake mwanamke huyu hatabeba ndoo, na shangazi yake mama, aliyekuwa amesikia ahadi nyingi za wanaume katika maisha yake, akamjibu, "Wote husema hivyo, mwanangu, mpaka ndoo inunuliwe." Baba hakucheka. Watu waliokuwepo wanasema alikunja uso kama mtu aliyetukanwa, na kwa kumfahamu, naamini alikuwa ametukanwa kweli.

Walijaliwa watoto watatu, kaka yetu ambaye ni dereva wa malori, mimi ninayesoma, na mdogo wetu wa mwisho aliyeko mbali na ambaye hakuweza kufika leo.

Nyumba aliijenga kwa mikono yake na ya babu yetu mwashi, ikakamilika mwezi Agosti 1986, na mabomba yake yalikuwa ya chuma, yamezikwa ndani ya kuta na chini ya sakafu, maana baba aliona kwamba bomba linaloonekana ni aibu, kama nguo ya ndani iliyoning'inia. Siku ya kwanza mama alifungua koki ya jikoni yakatoka maji, akafungua ya pili yakatoka maji ya moto, akaweka mikono chini yake na kuyaacha yatiririke bila kuosha chochote, mpaka baba akamkumbusha kwa upole kwamba tangi lina mwisho.

Baada ya miezi michache ukaonekana mduara mweupe kwenye tundu la sinki, kisha koki zikaanza kukwaruza, sabuni ikakataa kutoa povu, taulo zikakauka zikawa ngumu kama kadibodi, shawa ikawa inatema pembeni na kumwogesha mtu sikio moja, boya la choo likakwama na tangi lake likawa linalia mchana kutwa, na hita ya maji, iliyokuwa fahari ya nyumba, ikaanza kugonga kutoka ndani kama mtu aliyefungiwa. Baba alipambana. Alifunga koki kwa vitambaa vilivyoloweshwa siki, alichokonoa matundu ya shawa kwa sindano za mama mpaka mama akaanza kuzificha, alibadilisha washa, vile vipete vya mpira ndani ya koki, alikwangua waya wa hita kwa kisu, alikikamulia limau kila kitu kilichokuwa na rangi nyeupe, na kuna kipindi alifunga sumaku kwenye bomba kuu, kwa ushauri wa mtu aliyekuja kuuza sumaku.

Kiwanda kilipofungwa mwaka 1993 alianza kazi ya kujitegemea, akawa anaitwa majumbani kuondoa ukoko, na wengi wenu hapa alishapiga magoti kwenye bafu zenu. Kuna mama mwenye nyumba za kupangisha aliyemletea birika ambalo, nadiriki kusema, likiwa tupu lilikuwa zito kuliko siku liliponunuliwa likajazwa. Kwa wateja baba alikuwa mkweli kupita kiasi, alisafisha, akapokea ujira wake, kisha akawaambia, nimekusafishia ila ukoko utarudi, nanyi mkanuna, mkaenda kwa mafundi waliowaahidi kwamba hautarudi, mkarudi. Lakini nyumbani kwake hakusema hivyo hata mara moja. Kwa wateja alikuwa na ukweli, kwa mama alikuwa na matumaini, na vitu hivyo viwili hakuwahi kuvikalisha meza moja.

Sasa nifike mahali ambapo wasomaji wengine wangeparuka. Mwezi Mei 2016 mama alilazwa kwa ajili ya upasuaji wa nyonga, na wakati huo maji ndani ya nyumba yalikuwa yamepungua mpaka unene wa uzi wa kushonea, hivyo baba akaamua kwamba mama atakaporudi na fimbo yake atakuta maji yanayotoka kwa nguvu kama ya mwaka 1986. Akatafuta asidi kali, ile ya kuoshea boila, akaijaza kwenye mabomba ya nyumba nzima, akakaa kwenye stuli ukumbini na sikio lake limebandikwa ukutani. Kaka yetu alimkuta hivyo, akamuuliza kama ana uhakika, akaambiwa anyamaze kwa sababu anaharibu sauti. Mchemko ulipokwisha akasafisha mabomba kwa maji, akafungua koki, na maji yakatoka kwa nguvu ambayo sisi watoto hatukuwahi kuiona katika nyumba ile, akapiga simu hospitali ili mama asikie mlio wake.

Kosa lake halikuwa uzembe, bali lilikuwa kosa la mtu wa boila. Boila lina ukuta mnene wa chuma, asidi ikila chokaa, chuma kinabaki. Mabomba yetu yalikuwa na miaka thelathini ndani ya saruji, kutu ilikuwa imekula chuma kutoka nje, na sehemu nyingi kilichobaki kushikilia maji kilikuwa ule ukoko wenyewe. Baba aliondoa ukoko, akaondoa bomba. Mama aliporudi, kuta zilikuwa zimeanza kutoa jasho, rangi ikavimba kama malengelenge, maji yakaonekana chini ya sakafu ya chumba chao, na fundi umeme aliyeitwa alisema ama maji yafungwe ama mtu atakufa. Baba akaifunga mwenyewe koki ya kuingilia ndani. Tangu siku hiyo maji ya nyumba hiyo yakawa ya bomba moja la uani, chini ya tangi.

Alianza kubomoa ukuta wa bafu ili aweke mabomba mapya, nguzo ikapasuka, akaacha. Kaka alishauri mabomba ya plastiki yapitishwe juu ya ukuta, kazi ya siku mbili, baba akasema mabomba ya juu ya ukuta ni ya kantini, si ya nyumba ya mama yenu, na hapo tukajua kwamba hata tukimletea bahari hatapokea. Akanunua ndoo. Na kwa kuwa mama hakuweza kubeba, na mwenye ahadi alikuwa yeye, alibeba yeye, asubuhi na jioni, kutoka uani hadi jikoni na bafuni, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano, kisha sabini, kisha sabini na miwili. Majirani mliomwona mkasema huyu ndiye mume, na sitawabishia, ila naomba mjue kwamba mama hakuwa akiutazama msafara ule kwa furaha, alikuwa akimtazama mtu akijiua taratibu kwa ajili ya neno alilolisema mbele ya shangazi.

Mwaka 2022 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Kuna waliosema pale nyuma kwenye turubai, nimewasikia, kwamba ni yale maji yamemwekea ukoko ndani ya mwili. Daktari amesema si maji, ni moyo, uliopanuka na kuchoka, na alimkataza kubeba kitu chochote kizito kuliko sahani. Baba aliitikia vizuri hospitalini, akarudi nyumbani akabadilisha ndoo kubwa kwa ndoo ndogo, akawa anakwenda mara nyingi zaidi.

Miezi yake ya mwisho, alipokuwa hawezi tena hata ndoo ndogo na majirani mmeshaanza kutubebea, alibaki na kazi moja. Kila wiki aliifungua shawa ya bafuni, akailoweka kwenye bakuli la siki, akaizibua matundu kwa sindano, ambazo mama sasa alikuwa akimpa mwenyewe, akairudisha ukutani, kwenye bomba lisilo na tone kwa miaka minane. Siku moja mama alishindwa kunyamaza, akamwambia, "Baba watoto, humo hamna maji." Akamjibu, "Najua, mama. Kaa hapo tu, nimalize." Mama akakaa.

Alifariki nyumbani, tarehe 2 Juni 2024, asubuhi, mama akiwa jikoni. Chai yake ilikuwa imeshawekwa mezani.

Familia ilikaa kujadili mama ataishi wapi. Sisi watoto tulikuwa na mengi ya kusema, kila mmoja na hoja zake, lakini mama alituuliza swali moja tu, "Nani atanibebea?" na kwa kuwa kila mmoja alitazama sakafu, jibu lilipatikana. Atakwenda kuishi kwa kaka, ghorofa ya tatu, ambako maji yanatoka, ingawa juzi nimeona mduara mweupe kwenye sinki lao na sikumwambia mtu. Nyumba itafungwa. Mafundi wawili waliofanya kazi na marehemu kiwandani walikuja jana kuifunga koki kuu ya tangi ili mama aondoke nyumba ikiwa kavu, lakini koki haikuzunguka, imeshikwa na chokaa, wakasema wakiilazimisha itakatika. Wameiacha kama ilivyo. Bomba la uani linavuja, na litaendelea.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu na kumkaripia bila kuchoka, majirani mliobeba ndoo zetu bila kuombwa, mafundi wenzake mliochimba kaburi na kusimamia mengi ambayo hatukuyaona, wateja wake mliokuja, na mama mwenye nyumba za kupangisha aliyeleta turubai hili, na kila mtu ambaye leo ameacha shughuli zake.

Baba, katika mikusanyiko ya namna hii huwa inasemwa kwamba marehemu kazi ameimaliza. Wewe hukuimaliza, na haikuwa kazi ya kumalizika, ulilijua hilo ukatuficha, ukamficha zaidi mama. Sasa weka spana chini. Pumzika kwa amani.