Mtunza Mbu wa Chumba cha Milango Miwili

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1966, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga. Mdogo wake wa kiume, anayeusoma wasifu huu mbele yenu, alimfuata kwa miaka miwili na kurithi viatu vyake vyote, hata vile vyenye utepe.

Alianza shule mwaka 1973 na kumaliza sekondari mwaka 1984. Hakuwa wa kwanza darasani, ila kwa hesabu alikuwa mbishi: mwalimu akikosea jumla ubaoni, mkono wake ulikuwa juu kabla chaki haijashuka. Mwaka 1987 alipata cheti cha ufundi wa maabara, akaajiriwa hospitali kupima damu.

Tarehe 17 Aprili 1993 alifunga ndoa na fundi umeme. Shemeji husimulia kwamba siku za uchumba alimpiga mbu ukutani akingoja shukrani, na mchumba wake akauliza, "Dume au jike?"

"Sikupata nafasi ya kumuuliza," akajibu shemeji.

Walijaliwa watoto watatu. Wa kwanza, wa kiume, alifariki kwa malaria Juni 1996, akiwa na miaka miwili. Marehemu mwenyewe ndiye aliyesoma kipimo cha damu ya mwanawe. Jambo hilo halikumtoka moyoni, na hakujifanya kwamba limemtoka.

Mwaka 2011 alihamia kituo cha utafiti wa wadudu. Huko wataalamu hubadilisha jeni za mbu wanaoeneza malaria, ili majike wa vizazi vya mbele wasizae na mbu wapungue. Mbu waliobadilishwa hung'aa rangi nyekundu chini ya taa maalumu. Kazi yake ilikuwa kuwalisha, kutenganisha madume na majike, na kuhesabu kila kizimba cha wavu asubuhi na jioni. Chumba cha mbu hao kina milango miwili, wa pili haufunguki mpaka wa kwanza ufungwe, na kila mtu huvaa nguo nyeupe ili mbu akitua juu yake aonekane. Hesabu isipotimia, hatoki mtu. Majirani walimwita Bibi Mbu, naye akaitika.

Machi 2018 alikosea. Baada ya kuosha vizimba, alifunika kizimba cha mbu waliobadilishwa kwa kifuniko chenye lebo ya mbu wa kawaida, nao wakazalishwa pamoja na wa kawaida. Wiki tatu baadaye aliwasha ile taa maalumu, akakuta kizazi kizima kimechanganyika.

Mwenzake akamnong'oneza, "Badilisha lebo yaishe. Nani atajua?"

"Mimi nimeshajua," akasema, akaenda kwa mkuu wa maabara. Kazi ya miezi kumi na minne iliishia kwenye friza, mbu wote wakauawa kwa baridi. Mwaka mzima dada aliosha trei tu, na nyumbani alikuwa hasemezeki.

Novemba 2022 wakazi wa mtaa jirani na kituo waliitwa kuamua kama mbu hao waje waachiliwe kwao. Mwenyekiti wa mtaa, mama asiyeogopa mtu, akauliza, "Hivi nyie hamjawahi kukosea?" Mkuu akaanza kujiumauma. Dada akasimama.

"Tumekosea. Aliyekosea ni mimi." Akaeleza mwanzo mwisho, mkuu akitokwa jasho.

"Haya, sasa tunaweza kuongea," akasema mwenyekiti. Wakazi wakakubali kwa sharti moja: Bibi Mbu awasomee hesabu za vizimba kila Alhamisi. Hakukosa hata moja mpaka alipougua.

Oktoba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alifariki wodini Jumatatu, tarehe 3 Februari 2025, saa tatu asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono. Kibali cha kuwaachilia mbu kilikuwa bado hakijatoka. Wiki moja kabla ya kifo chake, mwenyekiti alikuja kumwona.

"Ukiondoka, nani atatuambia ukweli?"

"Msimtegemee mtu," dada akamjibu. "Vaeni nyeupe, ingieni mkahesabu wenyewe."

Alhamisi, juzi, mwenyekiti aliingia kwenye chumba kile kwa mara ya kwanza. Hesabu ilimpungukia mbu mmoja, akazuiwa kutoka kama wafanyakazi wengine. Alitoka saa kumi jioni, hesabu imetimia, akaja moja kwa moja msibani kutuonyesha karatasi.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu wanne, na mdogo wake huyu, ambaye hajui Jumapili atampigia nani simu. Mwenyezi Mungu ampumzishe kwa amani.