Chumvi Imekwenda Wapi

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao nje ya karakana ya redio, mguu wa kushoto umeegemezwa tofali, birika la kahawa katikati. Asubuhi ile walikuwepo watatu wa kila siku: Sumaku, mwenye karakana, Bomba, fundi wa mabomba, na Mzee Kola, mshonaji ambaye hajawahi kukosea, kwa mujibu wake. Mara akatokea mama kijana wa nyumba ya pili, mtoto mgongoni, jagi mkononi, roho juu juu.

— Shikamooni, jamani nisaidieni, mtoto anahara tangu alfajiri, nesi kanipa pakiti ya dawa ya chumvi, kasema nikoroge kwenye lita moja, nimekoroga, imepotea, si juu si chini, nikimpa hii ya juu si nitampa maji matupu, na ya chini si itamchoma tumbo?

— Marahaba, mwanangu. Imezama hiyo, alisema Mzee Kola. Mzigo mzito mpe mnyamwezi.

— Ingezama tungeiona, mzee wangu, alisema Bomba. Maji yana vitundu. Imejibanza humo kama kutu kwenye bomba.

Sumaku akaweka kikombe chini.

— Nyie! Chumvi ni vipande viwili vilivyonasana, kimoja chanya, kimoja hasi, kama ncha za betri. Na kila chembe ya maji ina upande chanya na upande hasi. Basi maji yanavivuta huku na huku mpaka vinaachana, kisha yanakizunguka kila kimoja kama mashangazi na bibi harusi. Utakiona wapi?

Mama akashusha pumzi. Kweli, kidato cha pili, mwalimu alichora ubaoni vile vile.

— Betri? Mzee Kola akaruka. Mtoto si atapigwa shoti!

Mama akalikumbatia jagi.

— Hapigwi na chochote, dada, alisema Sumaku. Imesambaa sawasawa, juu mpaka chini.

— Una ushahidi? alidakia Mzee Kola.

— Onja!

Bomba akamimina kikombe cha juu, akanywa. Chumvi kwa mbali, kama chozi. Mama akaitikia kwa kichwa, endelea, endelea. Mzee Kola akadai ya katikati, ile ile. Akarudia, maana ulimi wake ulikuwa na kahawa. Sumaku naye akahakikisha, akapinga kipimo cha Bomba, wakaanza upya.

— Bado ya chini, alisema Mzee Kola. Mtaka cha mvunguni sharti ainame!

Akainamisha jagi, akagugumia, akajifuta midevu.

— Ile ile kabisa.

— Si niliwaambia? Sumaku akapiga paja. Sayansi!

Wakapongezana. Mama akachungulia ndani ya jagi.

— Na mtoto atakunywa nini?

Mtoto akalia kilio kikavu, jicho halina hata unyevu. Sumaku akatimka kwa nesi, kiatu kimoja mguuni. Bomba akaenda kuchemsha maji. Mzee Kola akasugua jagi kwa sabuni.

Maji yalipopoa na pakiti mpya ikakorogwa, watatu walisimama kando, mikono nyuma. Mama hakumwuliza mtu. Alichota kijiko hapo hapo juu, akamtilia mwanawe mdomoni. Mtoto akameza, akakamata kijiko kwa ngumi.