Injini Iliyosubiri Watu Wanne

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni, mlioko Minneapolis, Saint Paul na miji yote ya pembeni. Uliye jikoni, punguza moto kidogo. Uliye barabarani kwenye theluji hii isiyokwisha, punguza mwendo. Mimi ni Perpétue, na leo nakuletea habari za mtu mmoja tu. Si habari tamu, na sitaitia sukari.

Anicet Birindwa amefariki. Nasema tena kwa uliyechelewa kufungua redio: Anicet Birindwa, fundi magari wa Richfield, amefariki akiwa na miaka arobaini na sita. Alifariki Jumamosi ya kwanza ya Februari, mwaka huu wa 2014, akiweka injini kwenye gari la mke wake. Ameacha mke, mama Goretti, na binti yao Shekinah.

Anicet alizaliwa Bukavu, upande wa Kadutu. Mdogo wake Kalume bado yuko kule, na juzi alinisimulia kwa simu. "Saa ya kula tulikuwa tunamtafuta nyumba zote," alisema. "Tunamkuta chini ya lori la mtu, mafuta mpaka ndani ya masikio. Mama alimuogesha na sabuni ya kufulia, na bado alinuka dizeli kanisani." Kalume alicheka.

Vita vilimtoa Bukavu. Akavuka mpaka, akafika kambi ya Nyarugusu, Tanzania, akaishi huko miaka mingi. Kule alitengeneza mashine za kusaga. Siku moja mama mmoja alileta mahindi yake, akakuta mashine imefunguliwa, vyuma vimetandazwa chini. Akaambiwa asubiri. Alisubiri kutwa nzima. Huyo ndiye Goretti. Mpaka leo anaamini mashine ilipona asubuhi, ila fundi aliendelea kuichokonoa ili mteja asiondoke. Nilimuuliza kama aliwahi kumkamata akikubali. "Hapana," akasema. "Alikuwa anacheka tu, anasema mahindi yako yalikuwa magumu."

Walifika Minnesota mwaka 2010. Anicet akapata kazi ya kukata nyama kwenye chumba cha baridi. Siku za wiki alikata nyama. Jumamosi alitengeneza magari ya watu. Breki, betri, taa, chochote. Wakongomani, Wakenya, Watanzania, wote alilala chini ya magari yao kwenye maegesho ya kanisa, juu ya kipande cha boksi, huku barafu inapenya mgongoni. Sijapata kusikia mtu aliyempigia Anicet akaambiwa ngoja. Shikeni hilo, wapendwa, maana linaniuma.

Sasa nifike kwenye gari. Ni Corolla ya mwaka 1997. Goretti anahudumia wazee kwenye nyumba moja ya matunzo kule Blaine, kaskazini kabisa. Zamu yake huanza alfajiri. Kutoka Richfield hakuna basi la kumfikisha saa hiyo. Bila gari hakuna kazi, ni hivyo tu.

Novemba injini ya Corolla ilianza kugonga ndani kama mtu anapiga sufuria. Halafu ikafa. Dinah, dada Mkenya anayefanya naye kazi, akawa anampitia Goretti kila alfajiri, akamchukua miezi miwili bila kununa. Lakini Januari Dinah alimjia na habari mbaya. "Mum Shekinah, wamenibadilishia shift," alimwambia. "From first Monday ya February niko evening. Nimejaribu ku-swap, boss amekataa." Na bosi alikuwa ameshamwonya Goretti, tangu siku gari lilipokufa: akikosa tena, nafasi yake inapewa mwingine. Kwa hiyo nyumba nzima ilijua. Gari litembee kabla ya Jumatatu ile.

Anicet alikuwa ameshaanza. Alipata injini nyingine ya Corolla kwenye uwanja wa magari yaliyogongwa. Akaiweka garajini juu ya mbao, akaiandaa kama mtu anayemwandaa bibi harusi. Alisugua uchafu wote kwa brashi na mafuta ya taa. Alibadilisha sili zilizokuwa zinavuja, gasketi, pampu ya maji, mkanda, plagi. Alitia oili kidogo kwenye kila silinda, akaizungusha injini kwa mkono kwa spana, polepole, akisikiliza kama kuna chuma kinakwama. Hakikukwama kitu. Shekinah ana miaka kumi na minne, na kama watoto wetu wengi hapa, ukimuuliza kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza. Aliniambia baba yake aliifunika injini ile kwa blanketi la kitandani kwao, na mama yake alilitafuta blanketi siku mbili.

Injini ilikuwa tayari. Narudia, ilikuwa tayari wiki ya pili ya Januari. Kilichobaki ni kutoa ya zamani na kuingiza mpya. Lakini injini ile ina kilo zaidi ya mia moja, na Anicet alikuwa na bega bovu, aliloumia kule kwenye nyama. Alihitaji kreni ndogo ya kunyanyulia, na watu wanne wa kumsaidia. Kreni ilikuwepo. Iko kwa Alfred, muumini mwenzake, anayeishi Apple Valley. Watu je? Kanisa lina watu.

Akaandika kwenye kundi la WhatsApp la kanisa. Goretti alinionyesha simu, nikasoma mwenyewe. Kuna picha ya injini, inang'aa. Chini yake Anicet ameandika: "Ndugu zangu, moteri iko tayari. Naomba watu wanne na kreni ya ndugu Alfred, samedi."

Mnataka kujua alijibiwa nini? "Hongera fundi." "Mungu abariki kazi ya mikono yako." "Amina." "Tuko pamoja." "Tuko pamoja sana, papa." Vidole gumba, mikono ya kuomba, moto, makofi. Watu zaidi ya thelathini walijibu.

Hiyo samedi, Jumamosi, ikafika. Anicet alifagia theluji mlangoni, Goretti akapika wali na sombe, majani ya muhogo, kwa ajili ya wageni. Hakuja mtu. Akaandika tena. Tuko pamoja. Jumamosi ya pili, hakuna mtu. Ya tatu kulikuwa na kikao cha harusi. Sombe ile, Goretti anasema, waliila wenyewe mpaka Shekinah akaomba mkate.

Nilizungumza na Alfred, na ameniruhusu nimtaje. Si mtu mbaya, namfahamu. "Da Perpétue, niliona watu wamejibu wengi," aliniambia. "Nikajua wameenda. Nikasema kreni wakiihitaji watanipigia." Na wengine je? Wao walijua Alfred ameenda na kreni yake. Kila mtu alimwona mwenzake kwenye simu, akatulia nyumbani kwake. Nina hasira, wapendwa, sitawaficha. Nina hasira kwa sababu ni sisi kabisa, na hata mimi nimeandika hayo maneno mara nyingi bila kunyanyuka kitini.

Ikafika Jumamosi ya mwisho, ile ya kwanza ya Februari. Jumatatu yake Dinah hangekuwepo. Anicet hakuandika tena kwenye kundi. Alitafuta winchi ya mnyororo, akaifunga kwenye boriti ya paa la garaji. Kule Bukavu alifunga winchi kwenye vyuma vinene, na havikuwahi kumwangusha. Paa la garaji ile ni mbao nyembamba, zimewekwa kubeba paa na theluji yake, basi. Naye alilijua hilo. Aliongeza ubao mwingine chini ya boriti, akapigilia misumari. Goretti alimwambia, "Baba Shekinah, achana nayo, nitaomba ruhusa." Akamjibu, "Utaomba kwa nani? Hao wameshakuonya."

Injini ya zamani ilitoka salama. Ilikuwa mchana, jua limetoka, baridi kali. Goretti alisikia mnyororo ukivutwa, akaenda kuchemsha chai. Anicet aliinyanyua injini mpya mpaka juu ya gari. Akainama ndani ili aielekeze ikae mahali pake. Boriti ikavunjika. Ilishuka pamoja na injini, juu ya mgongo wake.

Goretti aliikuta hali hiyo akiwa na kikombe mkononi. Alijaribu kuinyanyua injini peke yake. Majirani wawili, wazee Wamarekani ambao hawakuwahi kuzungumza nao, walikimbia wakasaidiana naye. Gari la wagonjwa lilifika haraka. Anicet alikuwa ameshakwenda.

Siku ya mazishi kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama kwenye ukumbi wa makoti. Chakula kililetwa kikabaki. Wanaume sita walitakiwa kubeba jeneza, wakajitokeza kumi na watano, na wote walifika kabla ya wakati. Goretti alikuwa ameketi mstari wa mbele, dada wawili wa kanisa wakimshika. Aliwatazama wale wanaume mmoja mmoja, akasema kwa sauti ambayo watu wa nyuma walisikia: "Leo hakuna aliyechelewa." Mchungaji akaanza kuomba.

Hiyo ilikuwa Februari. Sasa tuko Machi. Injini bado iko kwenye sakafu ya garaji, na gari limefunguliwa mdomo. Wiki mbili baada ya mazishi, Goretti alipoteza kazi ya Blaine. Hakuwa na wa kumpeleka. Nilisoma tena lile kundi la kanisa, na siku aliyoandika kwamba kazi imekwisha, alijibiwa na watu wengi. Sina haja ya kuwasomea walichoandika.

Kwa mama Goretti, kwa Shekinah, kwa Kalume na ukoo wote wa Birindwa kule Bukavu, kwa niaba ya redio hii na kwa moyo wangu mwenyewe, poleni sana. Tumempoteza mtu aliyekuja kila alipoitwa. Mungu amlaze mahali pema, mahali pasipo na baridi.

Na wewe unayenisikiliza, usiniletee machozi. Fikiria tu ni nani uliyemwambia utakuja, na hujaenda. Jana, kabla sijaondoka kwake, nilimuuliza Goretti niwaambie nini watu wetu. Alikuwa anamsuka Shekinah, hakuinua kichwa. Akasema, "Uwaambie wasiniandikie tena 'tuko pamoja'. Mtu aniambie tu anakuya saa ngapi."