Malkia Onneka, Mama wa Fruela na Gundemaro

Marehemu Malkia Onneka alizaliwa siku ya Mtakatifu Martino, mwaka 1031, katika ngome ya Valdoria, akiwa mtoto wa kwanza wa Bwana Vela. Mimi Velaskita, mtawa, ninayewasomea haya, ni mdogo wake wa tumbo moja.

Akiwa na miaka saba alipelekwa kwa watawa wa Santa Kolomba, akajifunza zaburi, Kilatini na kutarizi kwa nyuzi za dhahabu. Simba wa kwanza aliyemtarizi alitoka mbavu nje, macho yamemtoka. Mama Mkuu akamuuliza, “Onneka, huyu ni simba au chura?”

“Ni simba, Mama, ila yuko kwenye Kwaresima.”

Mama Mkuu alikifunika kikombe cha misa kwa kitambaa hicho cha simba mpaka kitambaa kikachakaa.

Mwezi Mei 1049 aliolewa na Mfalme Nunyo. Mahari yake yalikuwa monasteri na mashamba yake, muhuri wake mwenyewe, na joho la hariri nyekundu kutoka Kordoba, lenye tausi wa dhahabu. Mungu akawajalia Fruela, kisha Gundemaro.

Hakuna hati iliyotoka katika nyumba ya mfalme bila muhuri wake. Bwana mmoja alipomnyang’anya mjane kinu cha kusagia, Malkia alimwita. Yule bwana akasema, “Malkia, haya ni mambo ya wanaume.” Akamjibu, “Basi mrudishie mama huyu kinu chake, nami sitayagusa mambo yenu.” Kinu kilirudi kabla ya Jumapili. Kila Alhamisi Kuu aliwaosha maskini miguu, naye hakutaka mtumishi amshikie beseni.

Mfalme Nunyo alifariki mwaka 1068, na wanawe wakagombea nchi. Aprili 1070 majeshi yao yalikutana kwenye daraja la Mto Orbia. Malkia alichukua kasha la pembe za ndovu lenye mifupa ya Mtakatifu Eulalia, akaenda kusimama katikati ya daraja.

“Fruela, ukitaka kupita, nikanyage. Na wewe Gundemaro, usijifiche nyuma ya farasi, nimekuona.”

Walishuka. Walilibusu kasha, wakaapa, na siku ile alikula nao samaki kandokando ya mto akiwa na furaha ya bibi harusi.

Oktoba mwaka uleule Gundemaro aliuawa njiani akitoka kuwinda. Waliomuua walikuwa watu wa kaka yake. Malkia alimwosha mwenyewe, kisha akaagiza lile joho la harusi, ambalo alikuwa ameshaliweka wakfu kwa altare. Padri akamwambia, “Malkia, hili umeshampa Mungu.”

“Mungu ana mbingu nzima ya kujifunika, Padri. Mwanangu anaona baridi.”

Akamzika nalo. Fruela, ambaye sasa ndiye mfalme, alikana kuwatuma wale watu.  Mama yake alihamia kwetu Santa Kolomba, na kwa miaka minne jina la Fruela halikutoka kinywani mwake, ila alipokuwa akisali nilimsikia akilitaja.

Majira ya Noeli yaliyopita alianza kukohoa damu. Tulimwita Mfalme. Alisimama mlangoni kama mgeni, hata Malkia alipomuuliza, “Umekula?”

Mfalme akatikisa kichwa. Malkia akammegea mkate wake.

“Jana nilikusamehe,” akamwambia. “Leo asubuhi ikanibidi nikusamehe upya. Kesho sijui. Kaa hapa.”

Alikaa. Malkia Onneka alifariki tarehe 9 Februari 1075, baada ya misa ya asubuhi, mkono wake ukiwa juu ya kichwa cha Mfalme.

Ameacha mwana mmoja, Mfalme Fruela. Mjukuu mmoja, Toda, binti wa Gundemaro, ambaye hakuwahi kumwona baba yake. Na mimi mdogo wake.

Kaburi hili alilichagua mwenyewe. Kushoto kwake amelala Gundemaro. Kulia aliagiza paachwe wazi. Fruela, mwanangu, hapo ni pako.

Bwana ampe pumziko ambalo sisi wa damu yake hatukumpa.