Redio, Jokofu Bovu na Nafasi ya Ishirini

Ndugu waombolezaji, jamaa na marafiki, mimi ni mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, na naomba radhi mapema nikicheka, maana dada yangu hakuwa mtu wa kusimuliwa kwa uso uliokunjwa.

Marehemu, ambaye tangu utotoni tulimwita Redio kwa sababu hakuwa na swichi ya kuzimia, alizaliwa tarehe 9 Mei 1966 katika hospitali ya wilaya, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya msingi iliyokuwa jirani na nyumbani, akamaliza sekondari mwaka 1984, na Januari 1985 akaingia chuo cha ufundi, darasa la majokofu, msichana peke yake, akahitimu Desemba 1987 akiwa amekipenda chuo kile kupita kiasi.

Machi 1988 aliajiriwa na kiwanda cha maziwa, akatunza vyumba vya baridi hadi alipostaafu, na ni hapo getini alipomkuta dereva wa lori akisubiri kupakiwa mzigo, akaanza kumshawishi ajiunge na chuo, akamweleza karakana, walimu na ajira mpaka lori likajaa, na dereva akajibu, "Dada, chuo sikitaki, nakutaka wewe," wakafunga ndoa tarehe 3 Agosti 1991, wakajaliwa mabinti wawili, na miaka yote hiyo alimkumbusha shemeji yetu kwamba ndiye mtu pekee aliyemshinda.

Wahitimu wenzake walipokutana kula na kukumbushana utani wa bwenini, yeye aliwatoa nje, akawapeleka kwenye shule za sekondari kukitafutia chuo wanafunzi, pamoja na jokofu lake bovu, mhitimu akalitengeneza mbele ya wanafunzi huku akisimulia alivyopata kazi, shangwe zikalipuka lilipoanza kunguruma, kisha marehemu akalirudisha nyumbani na kuliharibu upya kwa ajili ya shule inayofuata. Siku moja aliliharibu kweli kweli, fundi akatoka jasho, muda wa kwenda nyumbani ukafika, wengi wakaondoka wakicheka, lakini wale waliokataa kuondoka kabla ya kuona mwisho wake walijiunga na chuo wote, na tangu hapo dada akawa analiharibu hivyo hivyo kila mara.

Juni mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, na Septemba bodi ya chuo ikatangaza kwamba darasa la majokofu litafungwa moja kwa moja lisipopata wanafunzi ishirini, na hapo, ndugu zangu, mgonjwa alifufuka! Simu haikubanduka sikioni, wahitimu wakatumwa huku na huko, muuguzi aliyekuja kumchoma sindano aliondoka ameahidi kumleta mdogo wake, na daktari alipomsihi apumzike aliulizwa kama ana mtoto aliyemaliza shule.

Ilipofika siku ya mwisho ya kujiandikisha walikuwa kumi na tisa, sauti imemkauka, na kwa mara ya kwanza tukamwona dada analia. Shemeji, mzee mzima, dereva mstaafu, alitoka wodini bila kuaga, nasi tukadhani amekwenda kujificha na machozi yake, kumbe mchana akarudi amevaa ovaroli jipya la chuo, akasimama miguuni pa kitanda na kusema, "Haya, mama, umenipata." Dada alicheka mpaka vitanda vya jirani vikacheka naye, na siku ya tatu yake, tarehe 11 Januari, akatutoka, darasa limejaa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliotulisha, wenzake wa kiwandani, na ninyi wahitimu mliofika kwa wingi namna hii.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu, na jokofu moja ambalo mpaka leo asubuhi haliwaki, na shemeji amekataza lisiguswe na fundi yeyote, anasema atalitengeneza mwenyewe.

Pumzika kwa amani, dada yetu, na usimharakishe, ndiyo kwanza anaanza Jumatatu.